Iggy, Ziggy na swali la huzuni

Vikaragosi ni viwili, watoto wa mbwa wa kitambaa, na kwa sura hawatofautiani hata kidogo. Mmoja ni Iggy, wa pili ni Ziggy. Mtafiti amewavaa mikononi, na mbele yake ameketi mtoto wa miaka minne au mitano. Iggy anasema kwamba yeye ni mtoto mwenye huzuni. Ziggy anasema kwamba yeye si mtoto mwenye huzuni. Kisha wanamgeukia mtoto na kumuuliza: na wewe je?

Mahojiano yote hujengwa kwa jozi za kauli kama hizo. Yalitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wanasaikolojia Jennifer Ablow na Jeffrey Measelle katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ndiyo maana yanaitwa Mahojiano ya Vikaragosi ya Berkeley. Anayeyasikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni mchezo wa kumchangamsha mtoto kabla ya kazi kuanza. Hapana, hiyo ndiyo kazi, na kila nikiichunguza naona uamuzi mwingine uliofanywa kwa makini.

Mtoto wa umri huo ni mgumu kuulizwa. Ukimuuliza moja kwa moja kama ana huzuni, pengine atakubali kwa kuwa aliyeuliza ni mtu mzima na watu wazima hukubaliwa. Pengine atakataa, kwa kuwa amekwisha kujifunza nyumbani kwamba kulialia hakupendezi. Ukimwomba aeleze anavyojisikia, atanyamaza, si kwa ukaidi bali kwa sababu swali ni pana mno na maneno aliyonayo ni machache. Watafiti wengi walipofika hapo waliamua kumwacha mtoto na kumuuliza mama yake. Ablow na Measelle waliona kwamba tatizo lilikuwa kwenye swali, wakalitengeneza upya.

Katika swali lao jipya, kila upande wa jambo una mwenyewe anayeusema bila aibu. Mwenye huzuni yupo, asiye na huzuni yupo, na wote wawili ni wa rika la mtoto, si wakubwa wake. Mtoto hatakiwi kukiri kitu. Anatakiwa aseme tu anafanana na nani, na hilo mtoto wa miaka minne analiweza vizuri, maana siku nzima analifanya anapocheza na wenzake. Anaweza kujibu kwa maneno, anaweza kunyoosha kidole, anaweza kumgusa kikaragosi mmoja na kumwacha mwingine. Akisema yuko katikati, jibu hilo pia linapokewa. Akisema ana huzuni sana, sana, msisitizo wake hauachwi udondoke. Majibu hupangwa katika ngazi saba, na kila kikao hurekodiwa kwa video ili watu waliofunzwa wayapime baadaye kwa utulivu.

Halafu kuna mambo ambayo hayaonekani mpaka uyafikirie. Iggy hasemi kauli nzuri kila mara. Safari moja yeye ndiye mwenye furaha, safari nyingine ni Ziggy, maana bila hivyo mtoto aliyempenda Iggy tangu mwanzo angekwenda upande wa Iggy hadi mwisho, na mtafiti angepima mapenzi kwa kikaragosi akidhani amepima moyo wa mtoto. Ndiyo sababu pia watoto hao wa mbwa wamefanana. Na sauti: anayewachezesha lazima aseme "nina huzuni" na "sina huzuni" kwa uzito uleule, asilainishe hii wala kuichangamsha ile. Ukijaribu mwenyewe ukiwa peke yako chumbani utaona ilivyo ngumu. Koo la mtu mzima limezoea kumwambia mtoto, kwa lafudhi tu, jibu linalotakiwa. Wanaojifunza mahojiano haya hufunzwa kuiacha tabia hiyo, nami naona huo ni ustadi wa mwili mzima, sawa na wowote tunaousifia katika ngoma au ususi.

Haja ya kufika mbali hivyo inaonekana ukikumbuka kwamba mpaka miaka ya 1960, na kwa wengi hata baada ya hapo, madaktari wa magonjwa ya akili waliolelewa katika nadharia za Freud walishikilia kwamba mtoto hawezi kupata sonona. Hoja yao ilikuwa kwamba sonona ni nafsi kujihukumu, na sehemu ya nafsi inayohukumu bado haijakomaa kwa mtoto. Wengine walikubali kwamba huenda ipo, ila imejificha nyuma ya kukojoa kitandani, maumivu ya tumbo au utundu. Nadharia ilikuwa imefunga mlango kabla mtu hajachungulia ndani. Na hata hivyo mwaka 1946 René Spitz alikuwa amekwisha kueleza hali ya watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao katika kituo cha malezi: walilia, kisha wakajitenga, wakapungua uzito, wakatazama ukutani. Mama akirudi baada ya miezi michache, wengi walichangamka tena. Spitz aliwapiga filamu. Picha zilikuwepo, ila nadharia iliendelea kutawala.

Miongoni mwa walioanza kuwauliza watoto wenyewe kwa mpango ni Maria Kovacs wa Pittsburgh, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alitengeneza dodoso la vipengele 27 kwa watoto wa kuanzia miaka saba. Kila kipengele kina sentensi tatu, na mtoto huchagua moja inayomfaa kwa wiki mbili zilizopita. Dodoso hilo limetumika nchi nyingi na linastahili sifa zake, lakini linataka mtoto anayeelewa sentensi na anayekumbuka wiki mbili. Chini ya umri huo palibaki giza.

Giza hilo ndilo alilolifanyia kazi Joan Luby, daktari wa akili za watoto katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Missouri. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 yeye na wenzake wamekuwa wakiwachunguza watoto wa miaka mitatu hadi sita, umri ambao wataalamu wengi walikuwa wameukatia shauri kwamba hauna la kuchunguza. Ninachokipenda katika kazi yake ya awali ni namna alivyowapanga watoto aliowalinganisha. Hakuridhika kuwaweka wenye dalili za sonona kando ya wenye afya. Aliongeza kundi la tatu, watoto wenye matatizo mengine ya tabia kama vile kutotulia na ubishi uliopita kiasi. Bila kundi hilo mtu angeweza kusema: umegundua tu watoto wanaosumbuka. Alitaka kujua kama sonona ina sura yake mwenyewe, na swali hilo haliwezi kujibiwa mpaka uwe na mtoto mwingine anayesumbuka kwa njia tofauti.

Sura hiyo ilipatikana, na haikuwa pale wengi walipoitafuta. Mtoto mdogo mwenye sonona halii kutwa. Huzuni yake huja na kuondoka, katikati atakimbia, atacheka, ataomba biskuti, na kanuni ya watu wazima inayodai huzuni ya karibu kila siku kwa wiki mbili mfululizo inampita. Kilichowatenga watoto hawa na makundi mengine mawili kuliko dalili nyingine yoyote kilikuwa kukosa raha katika mchezo. Mtoto anapewa vitu vya kuchezea na havimgusi. Wengine walicheza, ila michezo yao ilirudi tena na tena kwenye kifo. Wengine walibeba hatia kubwa kuliko makosa yao.

Hapa nataka kusema jambo linalotuhusu sisi tunaolea. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mtoto asiyesumbua husifiwa. Katulia, ana adabu, ukimweka hapa utamkuta hapahapa. Sifa hiyo mara nyingi ni ya haki, maana wapo watoto wapole kwa asili yao. Lakini utafiti wa St. Louis unaonyesha kwa nini sonona ya mtoto mdogo hukaa miaka bila kutambuliwa: mtoto anayepiga wenzake hupelekwa kwa mwalimu na kwa daktari wiki hiyohiyo, na mtoto ambaye mchezo umemkauka hapelekwi popote, kwa sababu hamvunjii mtu chochote. Tangu nisome hayo, nikimwona mtoto ameketi kimya natazama mikono yake. Natafuta kama inacheza.

Kuna chumba katika maabara za aina hii ambacho ningependa kila mzazi akijue. Mtoto anaonyeshwa sanduku linaloonekana ndani, na ndani yake mna kitu cha kuchezea alichokichagua mwenyewe. Sanduku limefungwa kwa kufuli. Anapewa fungu la funguo na kuachwa ajaribu, na hakuna ufunguo hata mmoja kati ya hizo unaofungua. Katika kazi nyingine anaombwa achore duara kamilifu, na kila analochora linaambiwa lina kasoro. Nia ni kuona hasira, huzuni na aibu zikizaliwa mbele ya macho, zinavyopanda na zinavyoshuka, mtoto anavyojituliza au anavyoshindwa kujituliza. Hisia haiwezi kusomwa vizuri mtu akiwa ameketi raha mustarehe.

Huo ni ukatili mdogo, na waliobuni kazi hizo waliujua. Ndiyo maana sehemu ya mwisho imeandikwa kwa uangalifu uleule wa sehemu ya kwanza. Mtafiti anarudi, anaomba radhi kwamba alitoa funguo zisizo zenyewe, anampa mtoto ufunguo wa kweli, na mtoto anafungua sanduku na kucheza na kile alichokitaka. Mchoraji naye huishia kusifiwa. Hakuna anayetoka chumbani akiwa ameshindwa. Sehemu hiyo haizalishi takwimu, hakuna jedwali linaloihitaji, na bado imo katika maelekezo kama hatua ya lazima. Nikitaka kujua kama watafiti fulani wanastahili kukabidhiwa watoto, huwa naanzia hapo, kwenye dakika ambazo haziwaletei data yoyote.

Kazi nyingine ya St. Louis ni ya kusubiri. Mama na mtoto wako chumbani. Mezani pana zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, karibu kabisa na mkono wa mtoto, na mtoto ameambiwa asiifungue mpaka mama amalize kujaza dodoso. Kwa dakika nane mama ana kazi mbili, karatasi na mtoto. Hali hiyo kila mzazi anaijua: chakula jikoni na mtoto miguuni, simu sikioni na mtoto akivuta nguo. Watazamaji, ambao hawajui mtoto yupi ana sonona na yupi hana, huhesabu mara ambazo mama anamsaidia mtoto kustahimili, kwa neno la kumtia moyo, kwa mguso, kwa kukubali kwamba kusubiri ni kugumu.

Miaka ikapita, watoto wakafika umri wa shule, na 92 kati yao wakapigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Miongoni mwa watoto wasiokuwa na sonona, wale ambao mama zao waliwategemeza sana katika zile dakika nane walikuwa na hipokampasi kubwa kwa karibu asilimia 10. Hipokampasi ni sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu na kuumudu mfadhaiko. Habari hiyo ilienea ulimwenguni ikiwa imerahisishwa: mapenzi ya mama hukuza ubongo. Watafiti wenyewe walijua kwamba picha moja haiwezi kuonyesha ukuaji, kwa sababu ukuaji ni safari na picha moja ni kituo kimoja. Waliendelea kuwaita watoto tena, na mwaka 2016 wakatoa kazi ya pili yenye watoto 127 waliopigwa picha mara tatu, kuanzia umri wa shule hadi mwanzo wa ujana. Safari hii mstari ulionekana. Msaada wa mama katika miaka ya kabla ya shule ulihusiana na namna hipokampasi ilivyokua, kuliko msaada wa miaka ya baadaye. Miaka minne ya kusubiri kati ya makala ya kwanza na ya pili, ili kusema sentensi moja kwa uhakika zaidi.

Kurudi kwa familia zilezile mwaka baada ya mwaka ni ufundi ambao hauandikwi katika vichwa vya makala. Watu huhama, hubadilisha namba za simu, huachana, huchoka na maswali. Mtoto aliyependa vikaragosi akiwa na miaka minne atakuwa na aibu navyo akiwa na kumi na nne. Mtu lazima awe amepokelewa vizuri mara ya kwanza ndipo akubali mara ya tano. Kwa sababu familia zilirudi, mwaka 2014 Luby na wenzake waliweza kueleza kuhusu watoto 246 waliofuatiliwa hadi umri wa shule na mwanzo wa balehe: kati ya waliokuwa na sonona kabla ya kuanza shule, zaidi ya nusu walikuwa nayo tena baadaye, kwa vigezo kamili vya kitabibu. Kati ya wale ambao hawakuwa nayo utotoni, ilikuwa takriban robo. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema kwamba huzuni ya mtoto wa miaka minne ni ya kupita.

Tiba waliyoitengeneza ina alama ya mikono ileile. Mzazi na mtoto wanacheza chumbani, mzazi ana kifaa kidogo sikioni, na mtaalamu yuko nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja tu. Mtaalamu hamgusi mtoto wala hasemi naye. Anazungumza na mzazi kwa sauti ya chini, wakati jambo linatokea: sasa ameanza kukunja uso, mtajie hisia yake, usikimbilie kuirekebisha, mngoje. Mtoto haoni mganga, anaona mama yake au baba yake akimwelewa. Mwaka 2018 walichapisha jaribio la wiki 18 lenye watoto 229 wa miaka mitatu hadi sita wakiwa na wazazi wao, nusu wakianza tiba mara moja na nusu wakisubiri zamu, wakigawanywa kwa kura. Sonona ilipungua kwa waliotibiwa kuliko kwa waliosubiri, na dalili za sonona za wazazi wenyewe zikapungua pia.

Macho haya ya kutazama mzazi na mtoto pamoja, kwa dakika, bila kuharakisha hukumu, yana historia, na sehemu muhimu ya historia hiyo iko Buganda. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Hakuwa na maabara. Alikuwa na mkalimani, daftari, na vijiji vya kando ya mji. Alichagua familia 26 zenye watoto wachanga 28, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa miezi inayofikia tisa. Alikwenda alasiri, kwa kuwa ndio wakati wanawake wa Kiganda walipokuwa wakipokea wageni sebuleni, na hivyo akawa mgeni kati ya wageni. Sijui uamuzi wa kimbinu uliozidi huo kwa adabu na kwa faida: alitaka kuona maisha yalivyo, akaingia kwa mlango ambao maisha yenyewe yalikuwa yameuacha wazi.

Katika sebule hizo alitazama mtoto anapoanza kumfuata mama kwa macho, kisha kwa kutambaa, anapolia mama akitoka, anapomtumia mama kama kituo cha kuanzia safari zake za kuichunguza nyumba na kurudi. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Limo jambo moja ambalo limenikaa. Ainsworth aliona kwamba akina mama walitofautiana katika kuwaeleza watoto wao. Wapo waliojibu lililoulizwa na kuishia hapo. Wapo waliomwaga habari: anapenda hiki, jana alianza kile, akisikia sauti ya fulani hugeuka, halali mpaka ashike nguo yangu. Na watoto wa hao wa pili ndio walioelekea kuwa na mshikamano wa salama na mama zao. Mtafiti mwingine angewaona akina mama hao kama wasaidizi wazuri tu wa kazi yake, akawashukuru katika dibaji. Ainsworth alitambua kwamba wingi wa habari wenyewe ulikuwa matokeo. Anayemjua mtoto kwa undani huo ni mtu ambaye siku nzima anamsikiliza.

Alipohamia Baltimore alirudia kazi hiyo kwa familia nyingine 26, safari hii kwa ziara za saa nne, tangu mtoto ana wiki chache hadi karibu na kutimiza mwaka, jumla ya saa 72 hivi kwa kila familia. Mwishoni mtoto aliletwa katika chumba kigeni kwa takriban dakika 20, mama akatoka na kurudi, na watafiti wakatazama hasa kile kinachotokea anaporudi. Dunia ilizichukua zile dakika 20 na kuzifanya kipimo maarufu, kikatumika mahali pengi kwa haraka na kwa urahisi. Zile saa 72 zilizozipa dakika 20 maana yake hazikupata warithi wengi. Naliona hilo ni hasara, na sidhani kwamba ni lalamiko la mpenda mambo ya kale tu. Kipimo kilichokatwa kutoka kwenye mzizi wake huanza kusema mambo ambayo aliyekibuni hakukusudia, hasa kikipelekwa kwa watoto wanaolelewa na bibi, na mashangazi, na kaka zao, ambao kwao chumba kigeni na mtu mzima mmoja si hali inayofanana na chochote.

Kwa vijana wa umri wa balehe ugumu ni mwingine. Maneno wanayo, tena mengi, lakini wanachagua nani ayasikie. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri ulioanzishwa na Tom Osborn na wenzake ulianza na swali hilo la nani. Vikao viko vinne, saa moja kila wiki, kwa makundi madogo shuleni, na wanaoviongoza ni vijana waliomaliza sekondari muda si mrefu, waliofunzwa na kusimamiwa. Mada ni uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo anayoyathamini. Hawaanzi na sonona. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha wanafunzi 413 wa shule nne za Nairobi na Kiambu wenye dalili kubwa za sonona au wasiwasi. Lilionyesha nafuu, na kilichonivutia ni kundi la kulinganisha. Hawakuachwa wasubiri. Walipewa vikao vingapi? Vinne pia, vya urefu uleule, na viongozi wa rika lilelile, ila mada ilikuwa mbinu za kusoma. Kwa hiyo nafuu iliyozidi katika kundi la Shamiri haiwezi kuelezwa kwa kusema kwamba vijana walifurahia tu kutoka darasani na kuketi na mkubwa wao kidogo anayewasikiliza. Waandishi wa jaribio walijiwekea mlima mrefu zaidi wa kupanda, na wanafunzi wa kundi la pili nao wakaondoka na kitu mkononi.

Kazi ninayoirudia kuliko zote, baada ya ile ya vikaragosi, ilifanyika kaskazini mwa Uganda mwaka 2005, katika kambi za wakimbizi wa ndani wakati wa vita vya jeshi la waasi la LRA. Kikosi cha Paul Bolton, akiwemo Theresa Betancourt, kilitaka kujua kama vijana wa kambini wanaweza kusaidiwa na tiba ya mazungumzo. Wangeweza kubeba dodoso la Marekani, kulifasiri na kuanza kuhesabu. Badala yake walianza kwa kuwauliza watu wa kambini swali lililo wazi: watoto na vijana wa hapa wana matatizo gani? Waliandika yote yaliyotajwa kwa Kiacholi. Kisha wakatafuta watu ambao jamii yenyewe ilisema wanayafahamu mambo hayo vizuri, wakawaomba waeleze kila tatizo lina dalili gani. Miongoni mwa zilizojitokeza zilikuwemo hali tatu zenye majina yake, two tam, kumu na par, kila moja na dalili zake, nyingi zikikaribiana na sonona kama madaktari wanavyoieleza, nyingine zikiwa za hapohapo. Dodoso likajengwa kutokana na maelezo hayo, kwa maneno ya watu hao. Kijana aliyehojiwa alisikia akiulizwa mambo ambayo mama yake au jirani yake angeyasema.

Jaribio lenyewe lilikuwa na vijana 314 wa miaka 14 hadi 17, wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipata tiba ya mazungumzo ya kikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, likiongozwa na watu wa eneo hilo waliofunzwa na kusimamiwa na shirika la World Vision. La pili lilipata michezo ya ubunifu iliyoendeshwa na War Child Holland: muziki, sanaa, maigizo, michezo. La tatu lilisubiri. Wengi wakati huo waliamini kwamba watoto wa vita wanahitaji zaidi kucheza, na imani hiyo ina utu ndani yake. Michezo haikupunguza dalili za sonona kuliko kusubiri. Mazungumzo yalizipunguza, kwa wasichana.

Kwa wavulana hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Mtu mwenye haraka ya kuokoa angeweza kuwachanganya wote katika hesabu moja na kutangaza ushindi, kwa kuwa wastani wa jumla ulikuwa mzuri. Bolton na wenzake waliwatenganisha wavulana na wasichana katika ripoti yao ya mwaka 2007, wakaandika kwamba wavulana hawakufaidika kwa kiwango kilekile, na kwamba huenda hawakuwa tayari kufungua moyo mbele ya kikundi. Sentensi hizo ndizo zinazonifanya niyaamini yale waliyoyasema kuhusu wasichana.